Daftari Limenona, Kibubu Kimekonda

Mama mmoja mshonaji wa sare za shule, ambaye hesabu zake nimekuwa nikizifunga kwa miaka kadhaa, alinijia mwishoni mwa Februari na daftari kwapani na sura ya mtu aliyeibiwa. "Mwanangu," akasema kabla hajakaa, "kitabu kinasema nimepata faida kuliko mwaka wowote. Mbona kibubu hakina kitu? Nani ananiibia?"

Hakuna aliyemwibia. Novemba alikuwa amekubali oda ya shule ya pili, na kazi ikawa maradufu kwa siku moja. Desemba, kwa furaha ya oda hiyo, akahamia fremu kubwa zaidi, akanunua kwa mkopo mashine ya kudarizi nembo, na mpwa wake akamwekea programu ya hesabu kwenye simu ili aachane na daftari. Januari, shule zinafunguliwa na wazazi wamejaa mlangoni, fundi wake wa zamani kuliko wote akaondoka. Februari akaanza kukopa kwenye kikoba ili alipe kodi ya pango. Kila hatua, ukiitazama peke yake, ilikuwa ya busara. Mimi mwenyewe ningempongeza kwa kila moja.

Watu hudhani biashara hufa kwa kukosa wateja, na nyingi hufa hivyo. Lakini zipo zinazokufa wateja wakiwa wamepanga foleni. Wahasibu tunazijua, kwa sababu huletwa kwetu zikiwa zimechelewa, na mwenyewe akiwa na hakika kwamba kuna mwizi.

Hesabu za mama huyu nimezirahisisha kidogo ili zikae kichwani. Sare moja inamgharimu shilingi 18,000: kitambaa cha Kariakoo kwa fedha taslimu, uzi, vifungo, ujira wa fundi. Anaiuza kwa 25,000. Shule hailipi siku anayokabidhi mzigo. Inalipa karo ikishaingia. Kuanzia siku anaponunua jora hadi siku hela inaporudi mkononi ni miezi mitatu.

Alipokuwa akishona sare 100 kwa mwezi, kila mwezi alitoa 1,800,000 na kupokea 2,500,000 za sare zilizoanza kushonwa miezi mitatu nyuma. Zilibaki 700,000, nusu alikula na familia, nusu aliweka. Ungemsimamisha siku yoyote ungekuta shilingi 5,400,000 zake ziko nje: nyingine kwenye majora, nyingine chini ya sindano, nyingine migongoni mwa watoto ambao shule yao haijalipa.

Oda ilipofika sare 200, mwezi wa kwanza alitakiwa kutoa 3,600,000. Lakini aliyokuwa akipokea ni malipo ya zamani, yale ya sare 100, yaani 2,500,000. Pungufu: 1,100,000. Mwezi wa pili vilevile, na wa tatu vilevile. Hilo ni shimo la 3,300,000, na hapo watoto wake hawajala. Ukiongeza 350,000 za nyumbani kila mwezi, shimo linafika 4,350,000. Kodi ya fremu mpya na rejesho la mashine ya kudarizi sijavigusa. Na katika miezi hiyohiyo daftari likaandika faida ya 1,400,000 kwa mwezi, mara mbili ya zamani, bila kusema uongo hata kidogo. Faida huandikwa sare inapouzwa, fedha huonekana inapolipwa, na kati ya siku hizo mbili mtu anaweza kufilisika akiwa tajiri.

Mwaka 1977 msomi wa fedha wa Marekani, Robert Higgins, aliliuliza swali hili kwa namna ambayo bado tunaifundisha: kampuni inaweza kumudu kukua kwa kiasi gani? Jibu lake, likivuliwa joho la chuo, ni kwamba kila biashara ina kasi inayojibeba, na kasi hiyo inatokana na faida unayoiacha ndani, si na wateja wanaokutaka. Kwa mama wa sare, kila sare moja anayoiongeza kwa mwezi inafunga 54,000, yaani 18,000 mara tatu. Akiba yake ni 350,000. Igawe, utapata sare sita. Angeweza kutoka 100 kwenda 106, kisha 112 na kuendelea, huku akiba nayo ikikua, na baada ya mwaka mmoja hivi angefika 200 bila kukopa hata senti. Shule ilimtaka afike usiku mmoja.

Kwa hiyo angekataa? Sidhani. Kuna methali ya kulaani haraka na nyingine ya kulaani kuchelewa, na zote mbili ni za kweli, ndiyo maana mfanyabiashara hawezi kuzitumia kupanga. Kinachofaa ni kujua kwamba kasi inayojibeba si amri ya Mungu. Ina vipini vya kuishika. Shule ikitanguliza 10,000 kwa kila sare, fedha ya mama inayofungwa inashuka kutoka 18,000 hadi 8,000, na akiba ileile inabeba sare 14 za ziada badala ya sita. Mwenye duka la vitambaa akimpa mali kauli ya mwezi mmoja, nafasi inapanuka tena. Jambo hili wajasiriamali wengi hawaliamini mpaka waone namba: sentensi moja katika makubaliano na mteja inaweza kuongeza kasi ya biashara kuliko kukesha usiku kwa miezi sita.

Mama wa sare hufa njaa anapokua. Ziko biashara ambazo mambo ni kinyume, nazo ni hatari zaidi kwa sababu hazitoi kilio mapema. Supamaketi ni mfano wake. Mteja analipa keshia papo hapo, msambazaji wa unga na sabuni analipwa baada ya siku 60 au 90. Katikati hapo fedha ya watu wengine imekaa mkononi mwa mwenye duka. Akifungua tawi jipya, rafu zinajazwa kwa mali ambayo bado hajailipia, na tawi linaanza kuleta hela kabla bili haijafika. Kukua, badala ya kula fedha, kunazaa fedha. Siku ukuaji unaposimama, bili za zamani zote zinafika mlangoni na hakuna tawi jipya la kuzilipa.

Wasomaji wa Kenya wanaijua hadithi ninayoielekea. Supamaketi ya Nakumatt, ambayo jina lake lilitokana na duka la magodoro la Nakuru, ilikua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne: Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Septemba 2013 ilipoteza tawi lake kubwa katika shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Mwaka uliofuata ilichukua maduka matatu ambayo Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwa inayaacha Tanzania. Kufikia 2017 nembo ya tembo ilikuwa bado inawaka nje, lakini ndani wafanyakazi walikuwa wakipanga bidhaa mstari mmoja mbele ya rafu ili nyuma kusionekane kutupu. Wasambazaji walikuwa wameacha kuleta mzigo, wenye majengo walikuwa wanadai kodi. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, deni likiwa limepita shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe.

Yamesemwa mengi kuhusu Nakumatt, mengine yakiwa mambo ya mahakamani ambayo siyaingii. Kama mhasibu natazama mambo mawili. La kwanza ni kwamba vitu vya muda mrefu, yaani matawi, majokofu na mikataba ya pango ya miaka mingi, vilibebwa na fedha ya muda mfupi: mali za wasambazaji, na hati za mkopo zinazoiva baada ya miezi. La pili ndilo lililonifanya niandike makala hii. Nakumatt haikuwa inakua tu. Ilikuwa inabadilika. Kila mpaka ulioongezeka ulikuja na sarafu yake, mamlaka yake ya kodi, sheria zake za kazi, wasambazaji wasiokujua, na wateja wenye mkate wao wanaoupenda.

Kukua ni kufanya kesho kile ulichofanya leo, kwa wingi zaidi. Kubadilika ni kufanya kesho kitu ambacho leo hakuna anayekijua vizuri. Katika mazungumzo tunayachanganya, kwa sababu mara nyingi huja pamoja kama mvua na upepo. Lakini gharama zake ni mbili tofauti: kukua hula mtaji, kubadilika hula akili za watu wachache wanaojua kazi. Biashara inaweza kuwa na fedha za kutosha za kukua na bado ikaanguka kwa kuishiwa watu wa kubadilika nao.

Supamaketi ya Naivas ni mfano mzuri wa kulinganisha na Nakumatt, kwa kuwa nayo ilianzia pande hizohizo za Nakuru, kama duka la familia huko Rongai mwaka 1990. Wakati wenzake wanavuka mipaka, yenyewe ilibaki Kenya. Yalipofungwa maduka ya Nakumatt, ilichukua baadhi ya matawi yake. Mwaka 2020 iliuza asilimia 30 ya hisa kwa wawekezaji wa nje, likiwemo shirika la IFC la Benki ya Dunia, na mwaka 2022 sehemu hiyo ikapita kwa kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius. Sasa imevuka matawi 100. Huwezi kuiita kampuni ya mwendo wa kobe. Imekimbia, lakini imekimbia kwenye barabara inayoijua: nchi moja, sheria zilezile, duka la aina ileile, na fedha ya hisa isiyogonga mlango baada ya siku 90. Sina hakika itakuwa hivyo milele, maana matawi 100 nayo yana mashimo yake, lakini tofauti ya aina ya mbio iko wazi.

Mfano unaonipendeza zaidi kuliko wote uko mfukoni mwa msomaji. Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, na watu takriban 500 tu, kwa ajili ya wateja wa taasisi ya mikopo midogo kulipa marejesho yao kwa simu. Watumiaji wakafanya yao: wakatumiana hela, wakalipiana madeni. Waendeshaji wakaona kwamba mfumo wa marejesho ni mzito na kwamba watu wanataka kitu kimoja. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 6, 2007, mengi yalikuwa yamekatwa na ujumbe ukabaki mmoja: tuma pesa nyumbani.

Kisha ikakua kwa kasi ambayo hakuna benki ya eneo hili iliyowahi kuiona. Lakini tazama ilivyobadilika. M-Shwari, yaani akiba na mikopo kupitia simu, ilikuja Novemba 2012, zaidi ya miaka mitano baadaye. Huduma ya kulipia dukani ilifuata 2013. Fuliza, yaani mkopo wa kukamilisha malipo salio lisipotosha, ilizinduliwa Januari 2019. Mitambo yake ilikaa Ujerumani hadi 2015 ndipo ikahamishiwa Kenya. Wateja walikuwa wanaongezeka kwa mamilioni, na mambo mapya yalikuwa yanaingia kwa kudondoka.

Sababu ya mwendo huo ilikuwa kwenye kibanda cha wakala. Wakala anahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja, noti ndani ya droo na floti ndani ya simu, na kila muamala unahamisha kimoja kwenda kingine. Wateja wakizidi uwezo wa mawakala, mtu anatembea kilomita kadhaa na kukuta "leo hamna hela", na harudi. Mawakala wakiwa wengi mno kwa wateja waliopo, kamisheni haitoshi kodi ya kibanda, wanafunga. Makundi hayo mawili ilibidi yaende pamoja kama magurudumu ya mkokoteni. Kulikuwa na watu wa kuwatembelea mawakala mmoja mmoja, kuwafundisha, kukagua lile daftari la karatasi ambalo wateja walitia saini. Kampuni ya simu, yenye kompyuta zake zote, ilipima mwendo wake kwa kijana aliyekaa kibandani na daftari.

Mwanauchumi Edith Penrose aliandika juu ya kijana huyo kabla hajazaliwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu ukuaji wa kampuni, alishughulikia jambo ambalo wachumi wa wakati wake walilipita. Kampuni inaweza kununua mashine sokoni, inaweza kukopa fedha, inaweza hata kuajiri mameneja hodari, lakini haiwezi kununua mameneja waliokwisha kufanya kazi pamoja ndani yake. Ujuzi huo huzaliwa ndani tu, kwa muda. Na wageni wapya lazima wafundishwe na wenyeji, ambao wakati wanafundisha hawafanyi kazi yao ya kila siku. Kwa hiyo kadiri unavyoongeza watu kwa haraka, ndivyo unavyowanyang'anya wazoefu muda wao, mpaka unafika mahali ambapo mtu wa ziada anapunguza kazi badala ya kuiongeza.

Anayedhani hii ni nadharia ya vitabuni amsikilize Akio Toyoda. Februari 24, 2010, mkuu huyo wa Toyota aliketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, baada ya kampuni kuita mamilioni ya magari yarudishwe kurekebishwa. Miaka miwili tu nyuma Toyota ilikuwa imeipita General Motors na kuwa muuzaji mkubwa wa magari duniani. Mjukuu wa mwanzilishi alikiri kwamba walikuwa wamekua kwa kasi iliyozidi ile ya kuwaandaa watu wao na taasisi yao. Hawa ndio watengenezaji wa Hiace na Corolla, magari ambayo huku kwetu hurithiwa. Ikiwa wao waliishiwa wazoefu, fundi cherehani wa Dar es Salaam ana haki ya kuishiwa pia.

Narudi kwa mama wa sare, maana sikumaliza habari ya fundi aliyeondoka Januari. Kwenye daftari hakuna mstari wake, na ndiyo kasoro ya madaftari. Alikuwa anajua kwamba shule ya kwanza inataka pindo la sketi liachiwe vidole vitatu ili mtoto akikua lishushwe. Kwamba kitambaa cha kijani cha duka fulani hunywea kikifuliwa. Kwamba mkuu wa shule akisema Ijumaa anamaanisha Jumatano. Hakuna aliyeyaandika. Oda ilipokuwa maradufu, mafundi wawili wapya wakawekwa chini yake. Wakati huohuo mashine ya kudarizi ikawa inakata uzi, naye ndiye aliyeitwa. Programu ya simu ikawa inakataa kuingiza stoo, naye ndiye aliyeulizwa majora yamebaki mangapi. Ujira wake haukuongezwa hata shilingi. Mwezi mmoja kabla hajaondoka alianza kukosea vipimo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hiyo ndiyo dalili ninayoiheshimu kuliko uwiano wowote wa mizania: mtu hodari anayeanza kufanya makosa madogo.

Ukitaka kujua biashara yako inaweza kubeba mabadiliko mangapi kwa mara moja, usihesabu mabadiliko. Hesabu yanapita kwa nani. Kuhama fremu, mashine mpya, mfumo mpya wa hesabu na wateja wapya vilikuwa vitu vinne, lakini vyote vilipita kwenye mlango mmoja, wa fundi yule. Kama angekuwepo mtu wa pili wa kushughulikia hesabu na wa tatu wa kusimamia kuhama, huenda vinne vingepita. Nilipomchorea mama jambo hili kwenye karatasi, mishale yote ikielekea kwenye jina moja, alinyamaza muda mrefu.

Na msimu nao una neno. Wahasibu, nikiwemo mimi, tunapenda mfumo mpya uanze na mwaka mpya, kwa kuwa mafungu hukaa sawa. Kwa muuza sare hilo ni kosa la hatari. Desemba na Januari ndizo mvua zake za masika. Wakati wa kubadilisha daftari lake ni Agosti, wakati mafundi wanakaa barazani wakinywa kahawa. Muuza mbolea ana Agosti yake, mwenye hoteli ya Zanzibar ana yake, mara nyingi mvua kubwa zinaponyesha na wageni hawapo. Nimeona kampuni moja ikibadilisha mfumo wa stoo wiki ya kuelekea Idi, na sitaki kusema zaidi.

Kwa mama wa sare tulianza na kibubu. Tulikwenda kwa mwenye vitambaa tukaomba mali kauli ya siku 30. Akatoa ya siku 14, tukashukuru. Programu ya simu tuliizima, daftari likarudi mezani. Fundi aliyeondoka alifuatwa kwao Mbagala, akarudi kwa ujira mkubwa zaidi na kwa sharti kwamba atakuwa na mwanafunzi mmoja tu. Mashimo ya kikoba yalizibwa kufikia Julai.

Novemba iliyofuata ikaja shule ya tatu. Mama aliwaambia atawashonea kidato cha kwanza pekee kwa Januari, wengine waendelee na sare za zamani hadi Juni, na kila sare itanguliziwe 10,000. Mkuu wa shule alinuna siku mbili, kisha akampigia simu.

Nilipita dukani kwake wiki chache zilizopita. Mafundi wanne walikuwa kazini, na kijana mpya alikuwa amekaa karibu na yule fundi wa zamani, anashona mfuko, anafumua, anashona tena. Pembeni mashine ya kudarizi ilikuwa imefunikwa kanga. Nikamuuliza mama kama imeharibika.

"Nzima kabisa, mwanangu," akasema. "Huyu amalize kwanza mifuko."